Nani anafundisha motere kufikiri?

Labda jambo hili limekwisha kukufikia. Motokari yako inatembea vizuri, na ghafula taa ndogo ya manjano yenye picha ya motere inawaka mbele ya macho yako. Unafika garaji. Fundi anafungua kapo, anasikiliza, anatikisa kichwa: «Papa, motere yenyewe haina kitu. Kalkilatere njo inasumbua.» Anatoa piyesi moja, anaweka ingine, unalipa. Nyuma ya siku mbili taa inawaka tena. Nyumbani mama anauliza: «Na zile falanga za masomo ya watoto, zimeenda wapi?»

Basi hiyo kalkilatere ni kitu gani? Wengine wanaiogopa sawa vile ni uchawi. Wengine wanaizarau, wanakata waya zake, wanasema motere itatembea tu. Wote wawili wanakosea. Ndani ya lile sanduku hamna uchawi. Mna maamuzi ya watu, yaliyoandikwa moja moja, na yaliyojaribiwa mara nyingi mbele ya kuingia katika motere ya kweli. Ukijua namna wale watu wanavyojaribu kazi yao, utajua pia namna ya kumwuliza fundi wako maulizo ya maana, na feza yako itakaa.

KARBIRATERE ILISHINDWA WAPI?

Motere ya esanse inaomba vitu vitatu: hewa, esanse na moto wa buji. Kila kitu kwa kipimo chake na kwa saa yake. Zamani karbiratere ilichanganya hewa na esanse, na fundi alirekebisha kwa turnevisi na kwa sikio lake. Ilitosha, kama mtu hahesabu lita na haangalii moshi.

Lakini mwaka 1970 Marekani ilitoa sheria kali juu ya usafi wa hewa. Watengenezaji wa motokari waliagizwa kupunguza sehemu 90 kwa 100 ya namna fulani za moshi wenye sumu. Tarehe zilisogezwa mbele mara kadhaa, lakini njia ilikuwa imefunguliwa. Ili kusafisha moshi waliweka katalizere katika bomba la nyuma. Na katalizere yenye kusafisha sumu zote tatu kubwa inaomba jambo moja gumu: motere ipate karibu kilo 14,7 za hewa kwa kila kilo 1 ya esanse. Si siku moja tu, bali saa zote, kwenye mlima na kwenye tambarare, asubuhi ya baridi na mchana wa joto. Karbiratere haiwezi kushika kipimo kile.

Hapo umeme ukaingia. Mwaka 1967 kampuni ya Bosch ya Ujerumani ilikuwa imekwisha kuweka upimaji wa esanse kwa umeme katika Volkswagen 1600 zilizotumwa Marekani. Mwaka 1976 Volvo, pamoja na Bosch, ilitoa motokari yenye kapteri inayoonja moshi ndani ya bomba na kutoa habari kama oksijeni imebaki. Mwaka 1979 BMW 732i ilitoka na Motronic ya Bosch: ordinateri moja ndogo iliyoamua esanse na moto wa buji pamoja. Motere za mazuti zilifuata. Mwaka 1997 Alfa Romeo 156 ilitoka na bomba la pamoja la mazuti lenye msukumo wa bari 1 350, na ni umeme unaofungua kila enjektere. Kumbuka kwamba pine ya motokari inabeba karibu bari 2 tu.

HESABU YA HARAKA SANA

Tuhesabu pamoja. Motere inazunguka mara 3 000 kwa dakika moja. Ni kusema mara 50 kwa segonde. Mzunguko mmoja unachukua sehemu 20 za segonde iliyogawanywa mara elfu. Katika motere ya silinda nne, moto unawaka mara 100 kwa kila segonde moja. Wakati unapotamka neno «motere», kalkilatere imekwisha kutoa amri makumi ya mara: esanse kiasi gani, na moto saa gani.

Tena amri haiwezi kuchelewa. Ikichelewa, pistoni imekwisha kupita. Jibu zuri lililokuja kwa kuchelewa ni jibu baya.

Kazi hiyo yote inafanywa na kipande kidogo kinachoitwa mikrokontrolere. Mfano mmoja ni MPC555, ambayo Motorola ya Marekani ilitoa mwishoni mwa miaka ya 1990 kwa ajili ya kazi kama hizi. Ilikuwa na nafasi ya kilobaiti 448 kwa kuweka programu, na kilobaiti 26 kwa hesabu za wakati ule ule. Picha moja tu ya telefone ya leo inaweza kupita nafasi ile yote mara nyingi. Hata hivi ilikuwa na vipande viwili ndani yake ambavyo kazi yao ni kuangalia saa tu, ili amri itoke kwa wakati wake. Na ilitengenezwa ili ivumilie toka digri 40 chini ya sufuri mpaka digri 125 za joto. Ordinateri ya ofisi ingekufa mbele ya kufika nusu ya njia.

KWA NINI WASIANDIKE TU, KISHA WAJARIBU?

Labda utasema: mtu wa programu aandike amri zake, aziweke katika motokari, ajaribu. Ikikataa, abadilishe.

Zamani walifanya karibu hivyo, na walilipa sana. Amri mbaya inaweza kuwasha moto mbele ya saa na kutoboa pistoni. Inaweza kuyeyusha katalizere. Tena, motere ikikataa, huwezi kujua mara moja kosa liko wapi: katika wazo? katika maandishi? katika waya? Kila jaribio linaomba motere, mafuta, fundi na siku nzima. Kosa linalopatikana kwenye karatasi linaomba kalamu tu. Kosa lile lile likipatikana wakati motokari elfu mia zimekwisha kuuzwa, linaweza kuangusha kampuni.

Ndiyo maana mainjenia walibadilisha mpango. Wanaanza kwa kutengeneza motere ya uongo ndani ya ordinateri. Wanaiita modeli.

Modeli si picha nzuri ya kutazama. Ni hesabu zinazojibu sawa vile motere ingejibu. Mwaka 1991 wainjenia wawili, Crossley na Cook, walionyesha modeli moja ya motere ya silinda nne ambayo wanafunzi wanaifuata mpaka leo. Iko na mambo machache tu, na wewe unaweza kuyaelewa:

1. Papiyo, ule mlango mdogo unaofunguka ukikanyaga akseleratere. Unapitisha hewa kiasi gani?

2. Bomba la kuingiza hewa. Lifikirie sawa pipa la maji: kuna maji yanayoingia kwa robine, kuna maji yanayotoka kwa tundu la chini. Kinachobaki ndani ndicho msukumo. Papiyo ndiyo robine, pistoni ndizo zinazovuta kule chini.

3. Kukawia. Hewa iliyoingia sasa haisukumi sasa. Lazima kwanza ifinywe na pistoni, ndipo iwake.

4. Nguvu inayotoka wakati mchanganyiko unawaka.

5. Uzito wa vyuma vinavyozunguka, ambavyo havikubali kuongeza wala kupunguza mbio mara moja.

Uone lile jambo la tatu. Mama anapika mboga, anatia chumvi, anaonja palepale. Chumvi haijayeyuka bado. Anasema «haitoshi», anaongeza. Anaonja tena, anaongeza. Nyuma ya dakika tano mboga haiwezi kulika. Motere isiyofundishwa vizuri inafanya hivyo hivyo. Usiku unawasha taa zote, motere inachoka, mbio inashuka. Programu inafungua papiyo. Haioni jibu mara moja, inafungua zaidi. Kisha nguvu yote inafika pamoja, motere inapiga kelele. Programu inafunga sana, motere inataka kuzimika. Inapanda, inashuka, inapanda, inashuka.

Katika modeli, injenia anaweza kujaribu amri mia moja kwa asubuhi moja bila kuchoma hata nusu lita. Anaona ni amri gani inatuliza motere na gani inaisumbua. Motere ya uongo ikizimika, hakuna anayelia.

TOKA MCHORO MPAKA KIPANDE KIDOGO

Lakini modeli haitoshi. Modeli yote inaacha kitu nje: joto la siku ile, uchafu, uzee wa piyesi. Kwa hiyo kuna ngazi, na hawaruki ngazi.

Ngazi ya kwanza tumekwisha kuiona: programu ya uongo inaongoza motere ya uongo, zote ndani ya ordinateri moja. Mchoro unafanywa kwa vijisanduku na mishale. Chombo kinachojulikana sana kwa kazi hiyo ni Simulink ya kampuni ya MathWorks ya Marekani, ambayo ilianza kutumika katika miaka ya 1990.

Ngazi ya pili ni programu ya majaribio juu ya motere ya kweli. Mchoro unageuzwa na ordinateri yenyewe kuwa amri za lugha inayoitwa C, na amri zile zinawekwa katika sanduku lenye nguvu nyingi kupita kalkilatere ya kawaida. Kampuni dSPACE, iliyoanzishwa mwaka 1988 kule Paderborn, Ujerumani, inajulikana kwa masanduku hayo. Na ETAS, mtoto wa Bosch, ilianzishwa mwaka 1994 kwa kazi ya namna ile. Mara nyingi wanaacha kalkilatere ya zamani ifanye kazi yake yote, wanaondolea yeye swali moja tu, na swali lile linajibiwa na sanduku jipya. Jibu likiwa baya, wanarudi kwa ya zamani. Wazo la asubuhi linaweza kutembea njiani mangaribi. Ile haraka ndiyo faida yao kubwa.

Ngazi ya tatu ni kufinya programu ili iingie katika mikrokontrolere yenyewe. Hapa wengi wanaumia. Sanduku kubwa lilihesabu kwa raha, kipande kidogo kina nafasi kidogo. Mikrokontrolere nyingi za bei ya chini zilijua hesabu za namba nzima tu, bila sehemu. Injenia alilazimika kuamua: mbio ya motere nitaiandika kwa vipimo gani, ili isipite mwisho wa namba wala isipoteze usahihi? MPC555 ilijua kuhesabu namba zenye sehemu, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 MathWorks ilitoa chombo cha kupeleka mchoro wa Simulink moja kwa moja ndani yake. Ndipo mtu aliweza kuchora wazo lake na kulijaribu kwenye kipande cha namna ile ile inayokaa katika motokari.

Ngazi ya ine ni kudanganya kalkilatere. Wanaifunga kwa waya na ordinateri inayojifanya motere. Kalkilatere inafikiri iko njiani. Wanakata waya ya kapteri moja. Wanaiambia motere imefika digri 120. Wanaona itafanya nini: itawasha taa? itapunguza nguvu ili motere isife? Taa ile ya manjano inayokusumbua ilijaribiwa hivyo kwanza.

Ngazi ya tano ni njia ya kweli. Wakati wa baridi kali wanapeleka motokari Arjeplog, kaskazini ya Uswidi. Wanazipeleka pia kwenye joto na kwenye milima.

HATA KOLWEZI IMO NDANI

Je, milima inatuhusu? Fikiri kamyo inayotoka bandari ya Dar es Salaam, kando ya bahari, mpaka inafika Kolwezi, karibu metre 1 400 juu ya bahari. Hapa kwetu msukumo wa hewa uko chini karibu sehemu 15 kwa 100 kupita ule wa pwani. Motokari yenye karbiratere iliyorekebishwa pwani inapata esanse mingi na hewa kidogo: inakula sana, inatoa moshi mweusi. Motokari yenye kalkilatere inapima hewa na kupunguza esanse yenyewe. Injenia fulani aliandika namba ya mlima katika modeli yake, akaona motere inajibu namna gani, hata kama hajasikia jina la mji wetu. Lakini ukitoa ile kapteri, au ukiidanganya kwa waya, umeondoa macho ambayo walichukua miaka kuyafundisha.

PROGRAMU INAMTII ALIYEIANDIKA

Usifikiri kwamba ngazi hizi zinamfanya mtu kuwa mwema. Tarehe 18 mwezi wa 9 mwaka 2015, serikali ya Marekani ilitangaza kwamba Volkswagen iliweka katika motere zake za mazuti programu yenye nyuso mbili. Programu iliangalia usukani, mbio na wakati, ikajua kama motokari iko kwenye meza ya kupimwa. Kwenye meza ilitoa moshi safi. Njiani ilitoa hewa ya sumu ya azote mpaka mara 40 kupita sheria. Ni hewa inayoumiza mapafu, zaidi ya watoto na ya watu wenye pumu. Kampuni ilikubali kwamba motokari karibu milioni 11 katika dunia zilikuwa na programu ile. Mwaka 2017 ilikubali makosa yake mbele ya tribinali ya Marekani, na adhabu ya jinai peke yake ilifika dola milia 2,8.

Nani aliwagundua? Watu wa Chuo Kikuu cha West Virginia waliofunga vyombo vya kupima katika motokari na kutembea nazo njiani. Ile programu haikuwa na kosa la hesabu. Ilifanya sawasawa kazi iliyoagizwa. Uongo ulikuwa katika agizo. Kwa hiyo kazi ya kupima haiwezi kuachwa kwa yule anayeuza peke yake.

WEWE UFANYE NINI?

Wewe mwenye motokari: namba inayosomwa na skanere si jina la piyesi ya kununua. Namba P0171, kwa mfano, inasema hewa ni mingi kupita esanse. Labda bomba la hewa limepasuka. Labda filtre ya esanse imeziba, au pompi imechoka, au kapteri ya hewa ina uchafu. Piyesi inayolia mara nyingi ni ile inayosema kweli. Uliza fundi: «Umepima nini mbele ya kuamua? Nikilipa hii piyesi na taa ikibaki, tutafanya nini?» Fundi mzuri hatakasirika.

Wewe fundi: ufuate ngazi sawa wale wa Ujerumani. Wazo kwanza, kisha kipimo kidogo, kisha piyesi. Mbele ya kuchomea chuma kwa umeme juu ya motokari, ondoa bateri na ondoa waya za kalkilatere. Usikubali mazuti yenye maji na mchanga: kwa bari 1 350, mchanga unakata enjektere sawa kisu.

Wewe kijana wa shule ya ufundi: usingoje motere ya bei kubwa ili uanze. Programu Scilab, iliyotoka INRIA kule Ufaransa, haiombi feza, inasema Kifaransa, na ndani yake mna Xcos, chombo cha kuchora vijisanduku na mishale. Anza na pipa la maji lenye robine na tundu. Pima pipa la kweli kwa saa na kwa beseni, kisha andika hesabu yake. Modeli yako ikikubaliana na pipa, ongeza kukawia, ongeza uzito unaozunguka. Siku ile utakuwa umeanza kazi ile ile ya wale wanaofundisha motere.

Na ninyi wazazi, kijana akikaa saa mbili mbele ya ordinateri akichora mapipa na mishale, mwulizeni kwanza anajaribu nini. Mashini za mine zinatembea kwa kalkilatere leo, na kampuni zinahitaji watu wa kuzisoma. Afazali watu wale watoke katika nyumba zetu.